Ruhusa ya Kuondoka

Mkeka hawakuusogeza hata mara moja.

Aliyezoea kushinda pwani na familia anajua ilivyo: ukitandika mkeka chini ya mti asubuhi, mchana ukifika umeshauvuta huku na kule kufuata kivuli, na bado kuna mtu mguu wake uko juani. Siku ile Mastura aliutazama ukingo wa mkeka, akaona uko palepale kivuli kilipoishia walipofika. Akafikiri labda hawajakaa sana. Lakini pilau ilikuwa imeliwa ikaisha. Sabra, bintiye wa miaka minne, alikuwa amejenga nyumba ya mchanga, akaibomoa, akajenga nyingine. Barafu kwenye kidumu cha maji ilikuwa imeyeyuka yote.

"Idarusi," alimwita mumewe. "Umesikia adhana ya adhuhuri?"

"Bado."

"Mbona kama imechelewa?"

Idarusi alikuwa amelala chali, kofia usoni. Alikuwa fundi wa majokofu pale Usagara, na Jumapili ile ilikuwa ya kwanza baada ya muda mrefu ambayo hakuna aliyempigia simu kulalamika kwamba samaki wake wanaoza. Aliazima gari dogo la rafiki yake akawaleta watu wake Mivinjeni, ufuko ulioko kaskazini, ukishapita Mtimbwani na kuiacha barabara ya lami. Pale msitu wa mivinje unateremka mpaka kwenye vilima vya mchanga mweupe, na nyuma ya vilima ndiyo bahari. Watu wa mjini hawapajui sana, na hilo ndilo lililomvutia.

Mtu wa nne pale mkekani alikuwa mama yake Idarusi, Bi Mwamvua, mjane wa Makorora, mwanamke mwenye adabu za kizamani ambaye hata ndani ya gari alikaa kama yuko ukumbini kwa watu. Mastura alikuwa mwenyeji wa Muheza, Mbondei, mwenye kauli za mkato. Miaka sita ya ndoa, na Bi Mwamvua bado alikuwa akimwita "mke wa Idarusi."

Wa tano alikuwa mgeni.

Alikuwa amepita katikati ya miti wakati pilau inapakuliwa. Bi Mwamvua alipomwona hakufikiri mara mbili. Kwake yeye, kula huku mtu anapita bila kumkaribisha ni ushenzi. "Karibu tule, bibi!" aliita. Watu wengi wakikaribishwa hivyo hujibu "Ahsante, kuleni," wakaenda zao. Yule mwanamke alisimama, akageuka, akasema, "Nimekaribia." Akaja akaketi.

Hakuwa wa kutisha. Alikuwa mtu mzima, mzuri wa sura, amejifunga kanga mbili za zambarau, mpya kabisa. Mastura alimpa shikamoo. Yule mwanamke alitabasamu tu, wala hakuitikia marahaba. Alikula taratibu na kwa adabu, akaisifu pilau, akauliza habari za watu wa nyumbani. Alinukia udi, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ya ubaridi, kama unapoinama juu ya kisima ambacho hakijafunguliwa siku nyingi. Bi Mwamvua alifurahi kumpata mtu wa kuzungumza naye. Mastura ndiye aliyeendelea kuzitazama zile kanga, mpaka akajua ni nini kinachomsumbua. Hazikuwa na jina. Pale chini, kwenye kisanduku cha maandishi, palikuwa patupu.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "tuanze kujikusanya."

Bi Mwamvua alimkata jicho, kisha akamgeukia mgeni kwa heshima. "Basi bibi, sisi tunaomba ruhusa. Safari ni ndefu na tuna mtoto."

"Mbona mapema?" alisema yule mwanamke. Akainua macho juu. "Jua lenyewe lile pale."

Na kweli, jua lilikuwa palepale.

Walikaa kidogo zaidi, kwa sababu ndivyo watu wenye adabu wanavyofanya. Maji ya kidumu yakaisha. Sabra akadai mengine. Bi Mwamvua akaomba ruhusa tena, na yule mwanamke akacheka kwa upole, akasema, "Mna haraka ya nini? Kaeni tuzungumze." Hapo Idarusi akaamka, akakunja mkeka, akambeba mtoto, akasema, "Ahsante sana mama, sisi tunaenda." Wakatoka wakifuata njia waliyojia, kati ya miti, kuelekea walikoacha gari.

Njia haikuwa ndefu. Walipokuja walikuwa bado wakiisikia injini ya gari ikilialia kwa kupoa huku wao wameshaketi. Walitembea. Majani makavu ya mivinje, membamba kama nywele, yaliwaingia kwenye viatu. Walitembea mpaka Idarusi akambadilisha Sabra bega, kisha miti ikaachana mbele yao na wakaona uwazi, na katika uwazi ule yule mwanamke ameketi mchangani, mikono mapajani, anawatazama wakija.

"Mmerudi," alisema. Alionekana kufurahi kwelikweli.

Idarusi alimshusha mtoto. "Tumekosea kona," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka sana kuaminiwa. Wakajaribu upande mwingine. Miti ikaachana, uwazi ukatokea, na yeye ameketi palepale. Wakajaribu kuelekea baharini, na hapo ndipo Mastura alipogundua kwamba bahari haisikiki. Mivinje ilikuwa ikivuma kwa sauti yake ileile ya kupumua, lakini nyuma ya mvumo ule, mahali ambapo tangu walipofika kulikuwa na mawimbi, hapakuwa na kitu.

"Nipande juu nitazame," alisema Idarusi.

Alikipanda kilima cha mchanga kwa miguu na mikono, mchanga ukimporomoka chini ya magoti na kumrudisha nyuma kila alipopiga hatua, na alipofika kileleni alisimama akajishika kiuno kama mtu anayetafuta mawimbi, kisha mikono ikashuka yenyewe, akageuka nyuma, akageuka mbele, akageuka tena, na Mastura, aliyekuwa akimtazama kutoka chini, alimwona mumewe akikaa kitako juani, juu ya mchanga unaounguza, kama mtoto aliyekatazwa kuondoka.

Aliposhuka alikuwa amekauka midomo. "Hakuna bahari," alimnong'oneza. "Kule ng'ambo ni miti tu. Na katikati ya miti kuna uwazi, na kwenye uwazi kuna nyie. Nimekuona wewe, Mastura. Nimekuona umenipa mgongo."

Mchana ule uliendelea. Simu hazikushika mtandao. Idarusi aliadhini mwenyewe, akasali, na yule mwanamke alimsubiri amalize kwa utulivu, kama mwenyeji anayemstahi mgeni wake. Bi Mwamvua alisoma Ayatul Kursiyu mpaka mate yakamkauka, na yule mwanamke akamsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na alipofika mwisho akasema, "Umesoma vizuri." Hakuudhika wala hakutoweka. Hilo liliwaogopesha kuliko kama angepiga kelele.

Joto lilikuwa limekaa juu yao kama mfuniko. Sabra alilia kwa ajili ya maji, akalia sana, kisha akaacha kulia, akalala mapajani kwa mama yake macho nusu wazi, ulimi ukigusagusa midomo.

Ndipo yule mwanamke alipoinuka, akaenda nyuma ya mti, akarudi na mtungi. Ulikuwa umelowa nje, matone yanateremka. Akachota kwa kata, akayamimina tena ndani kutoka juu, taratibu, na mlio wa maji yale ukaenea chini ya miti yote.

"Kwangu hakuna shida ya maji," alisema. "Nimekula kwenu. Mbona ninyi hamtaki kwangu?"

Bi Mwamvua alimsogelea mkwewe mpaka mabega yakagusana. Ilikuwa mara ya kwanza Mastura kumwona ushungi wake haujakaa sawa. "Usinywe," alinong'ona. "Akinywa mtu, ndiyo basi."

"Mama, mtoto anaishia mikononi."

"Najua."

"Yule ni nani?"

"Mimi ndiye niliyemwambia karibu," alisema Bi Mwamvua.

Mastura alimtazama mwanawe. Ngozi ya Sabra ilikuwa kavu na ya moto, jasho lilikuwa limekwisha. Kama kuna jambo baya litakalomfuata aliyekunywa, alifikiri, litakuja baadaye, na mtoto aliyekufa hana baadaye. Akainuka, akaenda, akaupokea mpini wa kata. Ubaridi ulimpanda mpaka kwenye kiwiko. Yule mwanamke alikuwa akitabasamu, na kwa karibu namna ile Mastura aliona kwamba uso wake haukuwa na hata tone la jasho, wala mchanga, wala unywele mmoja wa mivinje ile iliyokuwa imewajaa wao kichwani na shingoni.

Mkono ukaja kutoka pembeni ukaichukua kata. Bi Mwamvua aliinywa yote akiwa amesimama, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kunywa maji bila kuketi. Akajifuta mdomo.

"Nimekunywa kwako," alisema. "Mimi ndiye mkubwa wao, mimi ndiye niliyekukaribisha. Hawa ni watoto, wamenifuata tu. Wape ruhusa."

Yule mwanamke alifikiri. "Wao nimewapa," alisema.

Na papo hapo, kwa mbali, juu ya miti, muadhini wa kijijini akaanza kuadhini adhuhuri. Bahari ikarudi, mawimbi yakivunjika nyuma ya kilima kana kwamba hayajawahi kuacha. Walikuwa peke yao. Gari lilikuwa pale, jeupe, linaonekana katikati ya mashina. Walikimbia, Bi Mwamvua akiwafuata nyuma kwa hatua za taratibu, na dukani kijijini Sabra alikunywa maji mpaka akatapika, akanywa tena, akapona.

Muuza duka alishangaa kuwaona. "Mmeshaondoka? Si ndiyo kwanza mmepita hapa mkienda?"

*

Nyumbani Makorora, Bi Mwamvua aliomba maji kabla hajavua buibui. Akanywa gilasi, akaomba nyingine. Mpaka magharibi alikuwa amemaliza mtungi mzima wa nyumba, na midomo yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu aliyefunga safari ya jangwani.

Wakamletea ya bomba, ya chupa, wakamletea madafu. Hospitali walimpima sukari, wakampima tena, wakasema sukari hana, figo ziko sawa, wakampa dawa za kuondoa lawama tu. Alikunywa ndoo kwa siku na alikauka huku wanamwona. Ngozi ya mikono ikawa kama karatasi. Na Mastura, aliyekuwa akiosha vyombo, aliona jambo ambalo kwanza alidhani ni uchafu wa bomba: kila kikombe alichonywea mama mkwe kilibaki na mchanga chini, mweupe, laini, kidogo tu.

Nyumba ikabadilika. Mchana, saa watu wanapojinyoosha na Makorora yote inanyamaza, harufu ya udi ilitoka chumbani kwa Bi Mwamvua, na chini yake ile harufu ya kisima. Hakuna aliyekuwa amefukiza. Sabra akakataa kupita mlango ule. Alizunguka uani kwenda chooni. Siku moja Mastura alisimama nje ya pazia akiwa na bakuli la uji, akasikia mama mkwe anaongea, kwa ile sauti ya heshima ya kuzungumza na watu wa nje.

"Nipo nipo tu," alikuwa akisema. "Nitaendaje na sijaaga? La, hapana, sijachoka. Ni pazuri. Ni pazuri sana hapa kwako."

Akanyamaza kama mtu anayesikiliza. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mwenyeji, na Mastura akatambua kwamba mama mkwe wake, aliyelala kitandani mwake mwenyewe umbali wa pazia moja, hayupo katika nyumba ile, kwamba yuko chini ya miti ileile katika mchana uleule usiosogea, ameketi kitako kwa adabu tangu siku ile, na kwamba kila gilasi wanayomletea hapa inamwagika mchangani kule. Bakuli lilimtoka mkononi.

Maalim Ayubu aliitwa. Alifundisha madrasa mtaa wa pili, mwanamume wa makamo, mwenye kikohozi na pikipiki kuukuu, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwa akiwatisha watu. Alisoma kando ya kitanda kwa muda mrefu. Mastura na Idarusi walisubiri mama apige kelele, ajirushe, aongee kwa sauti ya kiume, kama walivyosikia hutokea. Hakufanya hivyo. Alifumbua macho tu, na sauti iliyotoka kwenye midomo ile iliyopasuka ilikuwa laini na imelowa.

"Unanisomea bure, maalim. Sikumwingia mtu."

"Wewe ni nani?"

"Mwenyeji wake."

"Muache."

"Sikumkamata. Alikunywa kwa mkono wake. Mgeni wangu haondoki bila ruhusa. Aliomba ya watoto. Yake hajaiomba."

Macho yakafumba. Maalim alifunga msahafu, akatoka uani na Mastura na Idarusi, akakohoa mpaka akakaa chini.

"Anasema kweli," alisema polepole. "Kama angekuwa mwilini ningemtoa. Lakini hayumo. Mama ndiye aliye kwake. Sasa nitamtoa nani?"

"Tufanyeje?" aliuliza Idarusi.

"Aende akaage. Kwa miguu yake na kwa mdomo wake. Na asiende peke yake, hatafika."

"Nitampeleka mimi."

"Mwanangu haingii tena kule," ilisema sauti kutoka dirishani. Ilikuwa ya Bi Mwamvua mwenyewe, kavu, haisikiki vizuri, lakini yake. "Nina mmoja tu."

Wakatazamana. Mastura alikuwa ameshaanza kujifunga kanga kiunoni.

*

Waliondoka asubuhi. Idarusi aliendesha, Maalim Ayubu mbele karibu yake, wanawake wawili nyuma. Mivinjeni gari lilisimama pale mchanga unapoanza. Maalim akamfundisha Mastura: usile, usinywe, usiketi. Yeye na Idarusi wangebaki garini wakisoma.

Bi Mwamvua hakuwa na uzito. Mastura alimshika kiunoni, wakaingia chini ya miti, na hawakuwa wamekwenda mbali kabla bahari haijanyamaza.

Yule mwanamke alikuwa amewatandikia mkeka. Mtungi ulikuwa pembeni, umelowa. Alisimama kuwapokea, kanga zake mpya kama siku ile, akatazama nyuso zao kwa shauku iliyomchoma Mastura bila kutarajia, maana aliwahi kuiona kwa wazee ambao hakuna anayewatembelea.

"Karibuni. Ketini."

Bi Mwamvua akaanza kuinama aketi. Mastura alimkaza mkono. "Hatukai," alisema.

"Mke wa Idarusi," alisema yule mwanamke, "wewe huna adabu. Mama yako mkwe ameniambia." Alilisema bila chuki. "Ananieleza mengi. Kila siku tunazungumza."

"Najua. Mama, sema."

Bi Mwamvua alifungua mdomo. Hakukutoka kitu. Alijaribu tena, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu, na chembe za mchanga ulimini. Yule mwanamke alichota maji. Akayamimina kutoka juu. Mlio ule uliingia masikioni mwa Mastura ukashuka mpaka kooni, akahisi kiu ambayo hakuja nayo, kiu ya siku nyingi, na akaona jinsi mkeka ulivyo mpana, na kivuli kilivyo kizuri, na kwamba wakiketi kidogo tu, kwa kupumzika miguu, hakuna atakayewalaumu, na jua bado liko juu, na huko nje hakuna kinachowangoja ambacho hakiwezi kungoja zaidi.

Akajiuma ulimi kwa nguvu. Damu ilikuwa ya moto na chumvi. "Sema, mama!" alipiga kelele. "Sabra anakungoja umsuke!"

"Naomba," alisema Bi Mwamvua. Sauti ilikuwa kama mlango wa zamani. "Naomba ruhusa. Yangu. Mimi. Niende kwetu."

Mvumo wa mivinje ulikoma. Hata jani moja halikusogea. Yule mwanamke alishika kata hewani, haijajaa, haijamwagika.

"Nikisema la?"

"Basi si mgeni wako tena," alisema Mastura. "Ni mfungwa wako. Na mfungwa hazungumzi na mtu kwa kupenda. Utamtazama tu."

Yule mwanamke akaiweka kata juu ya mtungi, taratibu, na mabega yake yakashuka.

"Nenda," alimwambia Bi Mwamvua. "Ruhusa umepata. Tumekaa vizuri."

Bahari ikasikika. Waligeuka wakatembea haraka kadiri miguu ya mgonjwa ilivyoweza, na Mastura hakutazama nyuma, ingawa nyuma yao, kwenye majani makavu, alisikia kama miguu mitupu ikikanyaga, haiwakimbilii, haibaki nyuma. Ilipofika mwisho wa miti iliacha kusikika. Idarusi aliruka kutoka garini akamkumbatia mama yake, na Maalim Ayubu akasema alhamdulillahi, akakohoa, akasema tena.

Kijijini kulikuwa na bomba la mkono, wasichana wa shule wanajaza ndoo zao. Bi Mwamvua alishuka, akaenda akaketi chini juu ya saruji iliyolowa, akakinga viganja. Msichana mmoja akampampia. Alikunywa viganja viwili, vitatu. Kisha akaviangalia viganja vyake vikiwa bado vina maji, akayaacha yamwagike.

"Basi, mwanangu," alimwambia yule msichana. "Yametosha."

Mastura aliposikia neno lile aliegemea mlango wa gari akalia kwa sauti, bila kujificha, mbele ya watoto wa watu. Bi Mwamvua akaja akamfuta uso kwa ncha ya ushungi wake uliolowa. Wala hakumkataza kulia.

Wakaingia barabara ya lami. Idarusi alikuwa anaimba kaswida chini chini. Bi Mwamvua alilala na kichwa chake kiko begani kwa Mastura, anapumua vizuri, na Mastura hakutaka kusogea ingawa kitasa cha mlango kilikuwa kinamchoma ubavuni. Walikuwa wameshapita mashamba ya mkonge Idarusi alipoinua macho kwenye kioo.

"Mbona mmejibana kona moja hivyo?" aliuliza kwa mzaha. "Kiti chote hicho, mnamwachia nani?"

Mastura alitazama. Ilikuwa kweli. Tangu walipopanda, bila kuambizana, wote wawili walikuwa wamejisogeza upande mmoja, goti kwa goti, na upande wa pili, karibu na dirisha, wameacha nafasi ya mtu mmoja. Jua lilikuwa linapiga pale moja kwa moja. Akanyoosha mkono akagusa kiti. Kilikuwa cha baridi, kimelowa kidogo.

Harufu ya udi ikamfikia.

Wenyeji wenye adabu humsindikiza mgeni wao. Mastura alielewa hilo bila kuambiwa na mtu, na alielewa pia kwamba yule hatarudi mpaka arudishwe, na kwamba mama mkwe wake, hata akiwa macho, asingeweza hata siku moja kumwambia mtu arudi kwake.

"Simamisha gari," alisema.

"Kuna nini?"

"Simamisha."

Idarusi alisimama kando ya barabara. Maalim Ayubu aligeuka, akauona uso wa Mastura, akaona anakotazama, akaacha kuuliza. Mastura alijipinda juu ya magoti ya Bi Mwamvua, akapitisha mkono kwenye ile nafasi, vinyweleo vya mkono vikimsimama, akafungua mlango wa upande ule ukawa wazi kabisa. Nje kulikuwa na majani makavu, na joto, na barabara inayorudi walikotoka.

"Umetusindikiza, ahsante," alisema. "Hapa panatosha. Shuka."

Lori likapita. Mlango ulibaki wazi, na Idarusi, aliyekuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, alikuwa karibu kusema kitu, lilipoinuka gari upande ule, kidogo tu, kama linavyoinuka abiria anaposhuka.

Mastura alihesabu pumzi yake moja. Akaufunga mlango, akasukuma kitasa chini.

"Twende," alisema.